Robo Zunguko

Ilikuja Shimanzi ikivutwa kwa kamba,
Supra ya mwaka themanini na nane, rangi ya maini,
matao ya magurudumu yameliwa na chumvi,
na Famau Shekuwe akitembea ubavuni mwake,
mkono juu ya boneti, kama msindikiza mgonjwa.

Akasema: Nataka farasi mia nne.
Nikasema: Tuifungue kwanza.

Silinda sita, lita tatu, tabo moja.
Chuma kizito, cha watu walioogopa lawama.
Kranki nzima. Rodi nzima. Pistoni nazo
zingestahimili matusi mengi kabla ya kujibu.
Ila kichwa, Famau. Kichwa.
Huko ilikozaliwa, mkono wa kiwanda
ulizikaza bolti kwa upole uliopitiliza,
na ukoo wake wote unatembea na siri hiyo:
baina ya kichwa na kifua
gasketi, nyembamba kama ganda la kitunguu,
upande huu moto, upande huu maji,
na oili inapita hapo hapo ikijifanya haioni.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Injini nayo ukiisifu sana
oili yake huitia maji.

Alicheka. Mia nne, fundi.
Nikamwambia hapa si milimani. Mwezi wa pili Mombasa
hewa inaingia kwenye tabo ikiwa imeshachoka,
ina joto la mtu aliyepanda ngazi.
Ukiisukuma zaidi, petroli inawaka kabla ya zamu yake,
utasikia kokoto ndani ya sufuria:
hiyo ni pistoni inaomba radhi.
Gasketi ya chuma ipo, nikamwambia,
lakini inataka uso uliopigwa randa hadi uwe kioo,
na randa ina bei.
Bei ilikuwa imekwenda kwenye tabo mpya na rimu za shaba.
Alinunua king'aacho. Kishikacho
akaniachia mimi na Mungu.

Basi nikaosha, nikapanga, nikakaza
kutoka katikati kwenda nje, mizunguko mitatu,
kama mtu anayetandika mkeka asitake mkunjo.
Zaidi ya walivyokaza wao. Kichwa kikalala.
Mia tatu, nikamwambia. Hapo ndipo mwisho wa ahadi yangu.
Na kwenye skurubu ya presha
nikachora mstari kwa rangi ya kucha ya binti yangu Mwanahalima,
nyekundu, nusu juu ya skurubu, nusu juu ya bomba,
mistari miwili ikitazamana kama wachumba.

Usiku nikaitoa kuijaribu, peke yangu,
barabara ya Dongo Kundu, lami tupu, taa za bandari ng'ambo.
Gia ya tatu. Tabo ikavuta pumzi
na kiti kikanisukuma mgongoni
kama miaka ishirini na miwili ilivyonisukuma, mara moja tu, zamani.
Nikasimama kando ya daraja. Nikafungua boneti.
Bisibisi ilikuwa mfukoni.

Wiki tano. Ikarudi kwa kamba ile ile.
Nikafungua kifuniko cha oili:
chai ya maziwa, imetengeneza povu.
Gasketi imeungua baina ya ya tano na ya sita,
kovu dogo, mtu angedhani sigara.

Famau hakuinua macho. Akasema, Niligusa skurubu, fundi.
Kidogo. Robo zunguko, wallahi.

Nikainama na tochi.
Ule mstari mwekundu ulikuwa umepeana talaka:
nusu zunguko kamili.

Lau angeuliza, ningemjibu. Ninadhani.
Yeye aliuliza tu ni kiasi gani,
nami nikamtajia bei ya gasketi ya chuma
na bei ya randa.
Ufundi sikumtoza.
Akanishika mkono kwa mikono yake miwili,
akasema watu kama mimi wamekwisha Mombasa.

Nyumbani Mwanahalima anauliza
nani ameficha chupa yake ya rangi.