Watatu na Dereva

Langoni askari alituhesabu kwa ncha ya kalamu,
kama mtu anayehesabu mayai ndani ya kikapu kidogo
na bado anahofia amekosea.
"Mashabiki watatu," akaandika, "na dereva."

Dereva ni mimi. Sikubisha.
Nilikuja kwa sababu gari ni langu,
na Aurica ni mama yangu mdogo,
na Aurica hakataliwi.

Kilomita mia tano kutoka bonde la migodi iliyofungwa
hadi huku Galați, Danubi imekuwa ya kijivu
kama maji yaliyokwisha kuoshea vyombo.
Jumanne. Novemba. Manyunyu.
Njia nzima Ghiță alipakata ngoma, maana buti haikuitosha.
Traian alilala mdomo wazi tangu Buzău.
Aurica alimenya mayai ya kuchemsha
na kuyachovya kwenye chumvi iliyofungwa gazetini.

Jukwaa la wageni ni kizimba cha watu elfu moja:
wavu wa chuma, viti vya buluu,
choo kimoja, na kufuli juu yake.
Askari ishirini na wawili walituzunguka,
helmeti, ngao, mbwa mmoja.
Mbwa akamtazama Traian
akapiga mwayo.

Haba na haba hujaza kibaba.
Haijazi jukwaa.
Ghiță alipopiga ngoma, mlio ulivuka uwanja,
ukagonga ukuta wa mbali, ukarudi
umechoka kuliko ulivyoondoka.
Kisha mtangazaji, kwa adabu au kwa kejeli, sijui:
"Tunawakaribisha wageni wetu kutoka bondeni."
Akanyamaza kidogo, karatasi ikasikika.
"Wote watatu."
Wenyeji elfu sita wakacheka.
Aurica akasimama, akawapungia mkono kama bibi harusi.

Dakika ya sita, bao.
Ya kumi na tisa, bao.
La tatu sikuliona, nilikuwa namimina chai.
Wengi wape; usipowapa, watajitwalia.
Walijitwalia na la nne, na la tano,
la tano kipa wetu hata hakugeuka kulitazama,
aliusikiliza tu wavu.

Halafu, sabini na kitu, tukapata kona.
Kona!
Kucha za Aurica zilipenya koti langu.
Beki wetu Pătru, ambaye asubuhi huunga mabomba ya watu,
alipanda juu ya vichwa vyote
akaupiga mpira kwa paji la uso,
ukagonga mwamba, ukatoka.
Nami, sijui nani alinituma,
nilijikuta nimesimama juu ya kiti
nimepiga ukelele usio na neno ndani yake.
Mbwa akaamka.
Traian hakusema kitu.
Alinisogezea upande mmoja wa skafu yake.

Kipenga.
Wachezaji wakaja, matope hadi magotini.
Kwingine hupiga makofi kwa mbali, kuuelekea umati.
Hapa hapakuwa na umati wa kujifichia,
ikabidi watutazame usoni, mmoja mmoja.
"Mama Aurica," nahodha akauliza, "goti vipi?"
"Afadhali langu kuliko lako," akajibiwa.

Tulizuiwa dakika arobaini, kwa usalama wetu.
Elfu sita walikwenda makwao.
Taa zikazimwa, mlingoti baada ya mlingoti,
tukabaki sisi na askari, tukigawana yai la mwisho.

Langoni, kalamu ile ile:
"Watatu na dereva, sivyo?"
"Wanne," nikasema.
Akanitazama. Akakata, akaandika juu yake,
wino ukavia kwenye karatasi iliyolowa.

Barabarani kifuta-kioo cha kushoto kilikwama.
Ghiță alikuwa ameshafungua ratiba magotini:
ugenini tena, Oradea, mpakani kabisa.
"Hili gari litafika?" akauliza.
Hakuna aliyeuliza kama dereva atakuja.