Namba Sitini na Tatu

Ndugu mwenye vuvuzela, hebu ishushe kidogo.
Hapa Pongwe wanapita mara moja tu,
sekunde kumi na moja, nilizihesabu mwaka jana,
halafu inabaki harufu ya grisi
na watu kuulizana, "Nani kaongoza?"

Lile kundi, tairi likinusa tairi,
wenyewe wanaliita msafara.
Si woga. Ni hesabu ya upepo:
wa mbele anaupasua kwa kifua,
wa nyuma anapenya kwenye tundu lililobaki
na robo ya jasho lake anaiweka akiba.

Aliyechomoka peke yake tangu Muheza,
mpigie makofi, lakini usimwekee dau.
Mtazame mdomo.
Anayeweza kumtukana mwenzake sentensi nzima,
pumzi bado zinamtosha.
Akibakiwa na neno moja moja, kavuka mstari:
misuli inachoma sukari bila hewa,
kama jiko la mkaa lililofunikwa,
na moshi wote unaishia mapajani.
Mapigo mia na themanini na tano!
Mimi ni muuguzi. Wodini tungemkimbilia daktari.
Hapa tunashangilia.

Eti "kugonga ukuta".
Ukuta uko wapi? Ni ini limekombwa,
kibaba kimekwisha kabla ya safari.
Ndiyo maana wanatafuna tende juu ya baiskeli
wakiwa wameshiba,
maana njaa ikibisha hodi, imeshaingia.

Sasa, mwaka jana hapahapa mlimcheka mtu.
Wa arobaini na mbili, chupa tano ndani ya fulana,
mkasema, "Huyu kaja kuuza maji?"
Huyo Mbelwa, mume wangu.
Mara tatu alirudi nyuma kwenye gari la timu,
mara tatu akaupanda msafara kuwafikishia wenzake,
akawakatia upepo toka Hale
ili Chambuso afike Tangamano
na miguu ambayo ilikuwa haijaonja kitu.
Chambuso akapewa pikipiki.
Mbelwa akaja kulala sakafuni, miguu ukutani.
Nilimshika kifundo cha mkono, nikahesabu:
tisini, sabini, hamsini na mbili,
arobaini na nane,
nikasinzia kabla yake.

Haya, sikia. Mvumo kama wa nyuki,
ni minyororo hiyo.
Wa kwanza mwacheni, ana wapiga picha.
Mtafute anayegeuza shingo kuangalia nani kabaki.
Sitini na tatu.
Puliza.