Kipimajoto Kwenye Mgomba

Uwanja wa ndege wa Moshi uliandika ishirini na moja.
Wastani wa Julai, wino wa buluu, muhuri juu yake.
Nikaichukua namba ile kama mtu anayeazima sufuria
bila kuchungulia ndani.

Mabuu niliyoletewa Jumapili yalikuwa saba,
katika kichupa cha spiriti,
manene kiasi cha punje ya mchele wa Kahe.
Nikapima, nikazidisha, nikagawanya:
siku tatu.
Na siku tatu nyuma ni Alhamisi,
na Alhamisi ndiyo Elifuraha alishuka basi la Korogwe
akimuulizia shangazi yake.
Koplo Mwamlima hakuhitaji hesabu nyingine.

Nzi kufia kidondani si haramu, husema watu.
Sijamsikia aliyeuliza
nzi huyo alikifikia kidonda saa ngapi,
na kama njiani kulikuwa na jua.

Wiki ile nililala kwa dada yangu, Kibosho.
Blanketi mbili, na bado vidole vya miguu vinalalamika.
Ndipo nikakumbuka:
Aikaruwa hakufia uwanja wa ndege.

Asubuhi nikapanda kihambani kwake.
Ukungu umeikalia migomba kama kuku atamiaye.
Aliishi peke yake; majirani walidhani
ameenda kwa binti yake, Rombo.
Pale walipomkuta, ukingoni mwa mfongo,
maji ya mlimani bado yanapita,
kahawa chini ya mgomba, kivuli juu ya kivuli,
na jua linafika saa saba
kama mgeni asiyepewa kiti.

Nikafunga kipimajoto shinani, futi moja toka ardhini.
Siku kumi nikipanda na kushuka,
mtoto wa jirani akinicheka:
"Unaipima ndizi homa?"

Kumi na tatu. Kumi na mbili.
Siku ya mvua, kumi na moja.

Kwenye baridi hiyo buu halikui, linavumilia.
Linatafuna kama mtu mwenye jino bovu.
Cha siku tatu kule bondeni kwenye miwa
huku juu kinataka tisa, pengine kumi;
na mvua ikinyesha nzi haruki kabisa,
hukaa chini ya jani akisugua mikono.
Kwa hiyo tisa ni kwa uchache.
Zaidi ya hapo, sijui.
Niliandika hivyo kwenye ripoti, "sijui",
Koplo akaizungushia kalamu nyekundu.

Siku tisa nyuma Elifuraha alikuwa Korogwe
akipakia mkonge, jina lake
kwenye daftari la mizani, sahihi yake imepinda.

"Basi ni nani?" Koplo akauliza.
Nzi hajui majina, nikamwambia.
Anajua joto tu.

Walimwachia Jumatano. Mazishi yalishapita.
Alikaa kantini ya kituo, chai mbele yake,
nzi akatua ukingoni mwa kikombe.
Akauinua mkono,
akausahau hewani.