Bangili ya Karatasi

Mwaka huu bangili ni ya kijani.
Mwaka jana ilikuwa ya chungwa, mwaka juzi zambarau;
naijua historia ya ndoa yangu kwa rangi hizo
zilizonikwaruza mkono tangu saa nne asubuhi
hadi nilipozikata, usiku, kwa kisu cha vitunguu.

Desemba ikibisha hodi Kahawa Magharibi
Makori huanza kupiga mluzi.
Hushusha kisanduku cha barafu juu ya kabati,
hukikung'uta vumbi, hututazama mmoja mmoja
kama nabii aliyebeba habari njema:
"Mnajua tunakwenda wapi?"
Tunajua.
Tumejua tangu Ongeri akiwa mgongoni.

Langoni askari ananitambua.
"Mama Kwamboka, karibuni tena."
Anapekua mkoba, anavuta chapati
kutoka chini ya taulo nilikozificha,
maana chakula cha nje hakiruhusiwi.
Anazitazama, ananitazama,
ananirudishia mbili, nne anabaki nazo.
Hiyo nayo ni desturi.

Kisha foleni.
Ya tiketi, ya treni ya watoto, ya choo,
na jua la Nairobi, hilo linalojifanya pole,
linakupapasa huku linakubanika.
Nimeshika viatu vya watu.
Nimebeba soksi, simu tatu, miwani,
na jino la Ongeri ndani ya tishu,
limeng'oka kwenye magari ya kugongana.
Ofisini mimi ni mhasibu; huku ni kabati lenye miguu.

Mume wangu anacheka. Anacheka kwa dhati,
na hilo ndilo linaloniuma zaidi.
Mtu mzima, kitambi kimebanwa na mkanda,
anapaa akipiga mayowe,
na mimi chini napunga mkono.
Nina uzoefu wa kupunga mkono.

Usidhani nilitaka Diani.
Nilitaka siku moja ya kulala hadi saa tano,
mvua ikipiga bati la jirani,
redio ikijisemea peke yake jikoni,
watoto wagombanie rimoti chumba cha pili
na nisiamke.
Raha yenye ratiba ni kazi nyingine tu,
tena isiyo na mshahara.

Saa kumi, gurudumu kubwa.
Kwamboka, miaka kumi na minne, akaniomba nipande naye.
Likatupandisha kwa mkwaruzo wa chuma,
likasimama juu kabisa.
Chini, barabara ya Thika iling'aa kwa vioo vya magari;
mashamba ya kahawa yakiliwa na maghorofa;
mlima wa Kilimambogo umejikunja kama paka.
Akasema bila kunitazama:
"Mama, hapa palinichosha tangu darasa la nne.
Nakuja kwa sababu ya Baba."

Kiti kikayumba.
"Na Ongeri?"
"Ongeri anangoja viazi karai vya Githurai
tukirudi. Hilo tu."

Nikacheka mpaka machozi.
Nikapiga hesabu: watu wanne, miaka saba,
pesa za tangi la maji na nusu ya sofa,
kila mmoja akimsindikiza mwenzake
kwenye furaha isiyo na mwenyewe.

Lakini mwenyewe yupo.
Yuko pale chini, kofia mkononi, anatupungia:
mtoto wa Nyamache aliyetumwa chumvi
akachapwa kwa kuchelewa, kwa kuwa alisimama
akichungulia bembea za maonyesho ya kilimo
kupitia tundu la ua.
Aliniambia mara moja tu, taa zikiwa zimezimwa.

Nikampungia.

Njiani Ongeri akala viazi, akalala na pilipili midomoni.
Makori akasema, kama kawaida,
"Mwakani tuwahi, foleni itakuwa fupi."
Kwamboka akanitazama kwenye kioo.
Nikafungua mdomo.
"Washa taa," nikasema, "giza limeingia."

Sasa ni usiku, kisu kipo mkononi,
na bangili hii imekaza kuliko zote.
Nitamwambia kesho,
akishamaliza kukausha kisanduku cha barafu
na kukirudisha juu ya kabati.
Au keshokutwa.