Wamepita?

Msimu wa karafuu, Mtambwe, hakuna alalaye ndani.
Mvua ya vuli haibishi hodi.
Kwa hiyo tupo barazani, mimi na Time binti Khatoro, mama yangu,
yeye na shuka lake, mimi na simu inayokata roho,
tunalinda majamvi ya kitu
kinachonukia kuliko kinavyolipa.

Zamani yeye ndiye aliyeniamsha.
"Sikia." Neno hilo tu.
Nasikia vyura. Nasikia jenereta la Mselem.
"Juu zaidi. Sikia juu ya vyura."
Na hapo, kama mtu apitaye na filimbi ya kuazima,
anapuliza mara saba kisha anajizuia:
sululu.
Nyuma yake vitwitwi, sauti nyembamba,
mkufu unaoburutwa juu ya sahani.
Wanatoka wapi? "Kwenye baridi."
Wanakwenda wapi?
"Lala, kesho skuli."

Alikuwa na kipande cha kaa. Nyuma ya mlango
akichora mstari kwa kila usiku waliopita.
Baba, Mungu amrehemu, alidhani ni deni la dukani,
akalipa.

Mwaka juzi masikio yake yalianza kuhama.
Kwanza adhana ya mbali, kisha majogoo,
kisha mimi.
Sasa anakodolea giza lisilo na cha kutazama
na kuniuliza kwa sauti kubwa mno,
hata majirani wanajigeuza vitandani:
"Wamepita?"

Usiku wa Jumanne nilimdanganya.
Nimechambua tangu alasiri, kucha nyeusi, mgongo si wangu,
na mbingu kimya kama chungu kilichofunikwa.
Nikainamisha kichwa: ndiyo.
Akachukua kaa lake, akaenda mlangoni,
akasimama huko muda mrefu,
akarudi hajachora.
"Hukuinua uso," akasema.
"Aliyesikia huinua uso."

Leo nakesha kulipa hilo.
Saa nane na nusu. Maji yametoka, mikokoni kunanuka tope,
na juu ya vyura, juu ya jenereta,
juu ya usingizi wangu mwenyewe,
yule mwenye filimbi.

Sikumwambia kitu. Uso ulikwenda wenyewe.
Nilipoushusha, kumbe hakuwa akitazama mbingu,
alikuwa akinitazama mimi.
Akaniwekea vidole viwili kooni, vya moto, vya karafuu.
"Haya. Sema alivyosema."

Nikalia kama yeye, vibaya, mara saba;
ya sita ilinikatikia njiani.
Akahesabu kwa midomo.
"Mmoja?"

Nikamwonyesha kiganja kizima,
kisha kiganja tena,
kisha nikaacha mkono hewani,
maana walikuwa bado wanapita.