Teka Mesi

Siku ya Ng'ambo mwaka huu ilianza kwa ugomvi wa viti:
tulilipia mia mbili, vikaja mia na arubaini,
na vyengine mguu mmoja umekwishakufa.
Miye ndiye katibu. Kitabu cha risiti kwapani,
nahesabu watu kwa macho
na sahani za pilau kwa moyo.

Ukutani mwa skuli, Kikwajuni, tulitundika shuka nyeupe,
kalamu tumezifunga kwa uzi zisiibiwe.
Neno moja la pale juu kamati iligombania siku mbili:
tuandike *mkubwa wenu aliyefika*
au *aliyeletwa*?
Akasimama fundi Sadala, kimya maisha yake yote,
akasema: "Mwenye kufika huaga kwao."
Tukaandika *aliyeletwa*.

Watu wakaja, wakaandika.
Feruzi. Almasi. Mabruki. Zafarani.
Kama duka la sonara limepinduka,
kama kijaluba cha biharusi:
vito, manukato, baraka,
na hakuna hata moja alilopewa mtu na mama yake.
Nami nikaandika la kwetu: Faida.
Bibi wa bibi yangu.
Aliyemwita hivyo alikuwa na daftari mbele yake,
kama mimi.

Alasiri ngoma zikapamba. Wapemba na msewe,
vifundo vyao vinanyesha kama mvua juu ya bati;
beni ya Miembeni na tarumbeta lenye viraka vya lehemu,
watoto wanalifuata kama linagawa halua.
Kisha akakaa mkekani Bi Hidaya Songoro,
akalisukuma maikrofoni kwa kisigino,
akaanza ule wa kuogeshea wari,
kipande chake kinachofaa masikio ya wanaume:

*Teka mesi, teka mesi.*

Sote twaujua. Tulivyofunzwa, mesi ni mwezi,
ulimi wa kizee tu umeuvunja;
mtoto wa kike akijitahidi, mwezi huuteka.
Hata kipeperushi cha sherehe nilikichora mwezi,
mwandamo, rangi ya dhahabu, nakala mia tatu.

Langoni alikuwapo askari wa zamu,
koplo Kalanje, kijana wa Tunduru.
Akaja kofia mkononi, akachutama ukingoni mwa mkeka.
"Samahani, mama. Wimbo huo mmeutoa wapi?"
"Kwetu."
"Mbona ni wa kwetu?"
Na baadaye, polepole, kama anayerudisha kitu cha watu:
"Mesi ni maji, mama. Bibi yangu
akinituma kisimani alfajiri
husema hivyo hivyo."

Mwezi ukaporomoka kutoka karatasi zangu zote mia tatu.

Teka maji. Basi.
Hakuna fumbo, hakuna siri ya wari.
Mama anamtuma mwanawe, jua bado halijatoka.
Na Kiswahili, lugha yangu mimi, isiyosahau hata ikinyamaza,
kikanikaba kooni:
alikwenda kuteka, akatekwa.

Sijui kama Faida ndivyo ilivyomkuta.
Sina karatasi. Nina shuka na wino uliochuruzika.

Bi Hidaya hakulia. Alimvuta koplo kwa mkanda wa serikali,
"Kaa. Tukosoe."
Na yule kijana, bunduki ameipakata kama mtoto mgonjwa,
akawafundisha wazee wenye umri wa mama yake
pa kupandisha sauti na pa kuiacha ianguke.
Walikosea. Wakarudia. Wakakosea.

Usiku mwenye viti alikuja, tukagombana tena.
Masufuria yakabaki, ukoko umeganda chini.
Nikamwambia binti yangu, "Thuwaiba, teka maji,"
nikasita, ndoo mkononi:
"Teka mesi."
Akacheka, akaenda.
Bomba liko hatua thelathini, taa inawaka,
majirani wamejaa barazani.

Nilisimama mlangoni nikimtazama
mpaka aliporudi.