Mshono

Ami Simai aliitoa ngozi uvunguni,
imeviringwa ndani ya mkeka na konzi ya karafuu kuzuia nondo,
akaitandaza sakafuni mwa chumba cha kati, Muungoni,
madirisha kayafunga.
"Pima upesi," kasema. "Watu wana macho."

Nilikuja na futi ya fundi cherehani,
daftari la miraba,
na mlinganyo niliolala nao miaka minne
katika chumba cha Tunguu chenye feni isiyozunguka.
Chui mwenyewe hayupo.
Wako wasemao yupo.
Wako wasemao ana mwenyewe.

"Haya, hiyo hesabu yako inasemaje?"

Nikamwambia: Ngozi, Ami, kabla haijaota manyoya, ni mtaa.
Mna wawili humo, mzushi na mkanushaji.
Mzushi mzito wa miguu, husema na jirani tu,
na kila asemapo huzidi kusema.
Ndiye amwamshaye mkanushaji,
na huyu ana baiskeli:
uvumi haujafika ua wa pili
keshapita, keshasema si kweli.
Basi uvumi huganda pale ulipozaliwa, ukawa doa,
na baina ya doa na doa pana kimya cha rangi ya mchanga.
Upana wa kimya hicho ndio ninaoutafuta.
Mkia ni kichochoro. Doa halina pa kujigeuza,
linagota ukuta huu na huu, linakuwa pete.
Ndiyo maana mwenye madoa huweza kuwa na mkia wa milia,
na mwenye milia hapewi mkia wa madoa.

Ami alicheka, kisha akanyamaza.
Jina la babu, Mcha Pandu, lilikuwa doa la namna hiyo:
anafuga, anamlisha, anamtuma usiku.
Upande wetu hakuna aliyekuwa na baiskeli.

Nikaanzia begani. Sentimita mbili na nusu.
Mbili na nusu. Mbili na nukta sita.
Mlinganyo ulinitii kama mtoto wa chuoni.
Nilipouvuka mgongo, ubavu wa kushoto:
moja na nukta nane.
Moja na nukta saba.
Nikafuta. Nikalaumu futi, nikalaumu ngozi kukauka,
nikalaumu lile kosa la ishara nililowahi kulifanya mwaka wa kwanza.
Mnyama mmoja habadili hatua katikati ya mwili.

Nikapitisha ukucha kinyume cha manyoya
na ukucha ukakwama.

Uzi. Mweusi, wa nta,
mshono wa mtu aliyezoea kutoboa kofia,
mwembamba hata miaka sitini haikuuona.
Mkono wa Bibi Mashavu.

"Ni wawili," nikasema.
Madoa hukua na ngozi, kama maandishi juu ya puto.
Haya ya kushoto hayakuwahi kupulizwa yakaisha.

Ami alikaa kitako.
"Mama alikuwa akisema baba kaua mmoja tu.
Mmoja tu, akisema. Kila mwaka."
Akapangusa uso kwa ncha ya kikoi.
"Na hakuna aliyemuuliza."

Daftarini nina safu mbili, na katikati mstari.
Hesabu yangu inajua doa litaangukia wapi.
Haijui nani alishika taa wakati wa kushona.

Ami alipoikunja tena
aliikunja penye mshono,
yule mdogo ndani.